“Shalom Bwana”: Wayahudi wa Rhodes kati ya Katanga na Brussels

Mwaka 2002 Moïse Rahmani, mzaliwa wa Cairo aliyeishi Kongo kabla ya kuhamia Ubelgiji, alitoa kitabu cha Kifaransa kuhusu historia ya Wayahudi wa Kongo. Akakiita Shalom Bwana. Neno la kwanza ni la Kiebrania, la pili ni letu. Jina hilo lilituvuta kabla hatujafungua hata ukurasa mmoja, na makala hii imetokana na ubishi wetu juu ya maneno hayo mawili.

Tuanze na shalom, kwa kuwa ndilo jepesi. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na Kiswahili kimekopa sana kwa Kiarabu. Kwa hiyo salama yetu na shalom yao ni wa ukoo mmoja. Damu kwa Kiebrania ni dam, nabii ni navi, roho ni ruach, kaburi ni kever. Mswahili akifungua Torati katika lugha yake ya asili atakutana na jamaa asiotarajia.

Bwana ndilo lililotugawa. Nyumbani bwana ni mume, au mtu mzima wa kuheshimiwa. Kanisani ni Mungu mwenyewe. Lakini Kongo ya Wabelgiji bwana alikuwa pia kila mzungu, hata kijana aliyeshuka kwenye treni jana akiwa na sanduku moja. Wengi wa Wayahudi wa Katanga waliingia hivyo hivyo, na sanduku moja.

Walitoka kisiwa cha Rhodes, karibu na pwani ya Uturuki, kilichokuwa chini ya Waturuki hadi Waitalia walipokitwaa mwaka 1912. Walikuwa wazao wa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na zaidi ya miaka mia nne baadaye bado walisema Kihispania chao cha kale, Kiladino. Walikiandika kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wa pwani yetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kisiwani hapo masomo ya dini yalikuwa mengi, kazi chache. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wakaanza kuondoka, baadhi yao kuelekea kusini mwa Afrika. Reli ilipofika Katanga mwaka 1910, mwaka uleule ulipoanzishwa mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakapanda nayo.

Shaba haikuwa yao, ilikuwa ya kampuni ya Union Minière. Wao walifungua maduka, na mwenye duka mbali na mji hujifunza lugha ya mnunuzi, la sivyo atalala njaa. Ndivyo Kiswahili cha Katanga kilivyokutana na Kiladino na Kifaransa juu ya meza moja ya duka. (Walimu wetu watuvumilie: Kiswahili hicho husema batu na bintu, na baadhi yetu ndicho tulichonyonya kwa mama.)

Mwaka 1937 alifika Élisabethville kijana Moïse Levy, aliyesomea urabi katika chuo cha marabi cha Rhodes. Mwaka uliofuata sheria za ubaguzi za Italia zikafika kisiwani na chuo kikafungwa. Chuo kilikufa, mwanafunzi wake akabaki akifundisha Torati katikati ya Afrika hadi mwaka 1991, alipohamia hapa Brussels. Maisha yake yanasimuliwa katika kitabu kiitwacho Moïse Levy, un rabbin au Congo, kilichotoka mwaka 2000. Kwa miaka 54 alimwona mkoloni, akauona uhuru, akauona utengano wa Katanga, na mwaka 1973 akaiona amri ya Mobutu ya kuchukua maduka ya wageni na kuwapa Wazaire. Amri hiyo iliwaondoa wengi waliokuwa wangali wakisitasita. Sinagogi la Lubumbashi, lililojengwa karibu mwaka 1930, bado limesimama. Waumini wake ndio waliotawanyika.

Jamaa zao waliobaki Rhodes hawakupata nafasi ya kutawanyika. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia melini Wayahudi wa kisiwa hicho na wa Kos jirani, jumla yao kama 1,700, safari iliyoishia Auschwitz. Walionusurika ni takriban 150. Huku Brussels majeshi ya ukombozi yaliingia wiki sita tu baadaye. Tulikwenda Anderlecht kuona mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi wa Ubelgiji, wenye majina 23,838 yaliyochongwa ukutani. Ni ya watu waliochukuliwa kutoka Ubelgiji. Mtu wa Brussels ambaye babu yake alikuwa na duka Katanga na shangazi zake walifia Auschwitz wakitokea Rhodes atausoma ukuta huo bila kuwakuta wake.

Turudi kwa bwana, maana hapo ndipo tulipokesha. Vijana wale walifika bila wake. Baadhi walirudi Rhodes kuoa, wengine walizaa na wanawake wa Katanga. Watoto hao ni wa nani? Kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, mtoto ni Myahudi akizaliwa na mama Myahudi, au akiongoka baadaye. Kwa Wabemba na makabila mengine ya upande huo, ukoo vilevile hufuata mama. Pande zote mbili zilikubaliana, na kwa makubaliano hayo mtoto akabaki nje ya sinagogi, na jina la baba mkononi. Mmoja wetu alisema hiyo ni sheria tu, haina ubaya kwa mtu. Wengine tuliona kwamba sheria ya mama, inapokutana na baba anayeitwa bwana, humrahisishia baba kuondoka. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na jibu lake: iliwachukua watoto wengi wa baba mzungu na mama Mwafrika, wa dini yoyote ya baba, ikawapeleka misheni. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni mwaka 2019, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kitendo hicho kilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Kesi ilifunguliwa na wanawake watano.

Swali la mtoto ni wa nani halijaisha hata Kinshasa. Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, ni mtoto wa Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes, na mama Mwafrika. Mwaka 2021 mswada ulifikishwa bungeni kutaka rais wa Kongo awe mtoto wa baba na mama Wakongo wote wawili, na hakuna aliyeuliza umemlenga nani. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulifika kabla mswada haujawa sheria; Katumbi akagombea, akawa wa pili. Kwa hiyo sinagogi humuuliza mtu juu ya mama yake, na wanasiasa wakamuuliza yuleyule juu ya baba yake. Hatumpigii kampeni, lakini hesabu ya namna hiyo haitupendezi, maana nasi tumezoea kuulizwa metroni tumetoka wapi “hasa”.

Rahmani huyohuyo aliendesha kutoka Brussels jarida la Masefaradi liitwalo Los Muestros, maana yake “walio wetu”, kuanzia 1990. Lilichapisha Kifaransa, Kiingereza na Kiladino. Kurasa za Kiladino ziliandikwa kwa ajili ya wasomaji waliokuwa wakipungua kila mwaka, kwa sababu Lubumbashi na Brussels zilikuwa zimewageuza watoto kuwa wasemaji wa Kifaransa. Tunaandika haya kwa Kiswahili, huku tukiagizana kahawa kwa Kifaransa.

Shalom Bwana tutakisoma sura kwa sura muhula ujao. Mwanachama mwenye babu au bibi anayekumbuka maduka ya Katanga, amlete kikaoni. Atakayekuja peke yake aje na kamusi.