Ruzuku ya Bustani za Umma Nchini Marekani

Ardhi ya wazi mjini ikishajengwa ni vigumu kuirudisha. Miti huleta kivuli, na majani yake hutoa mvuke unaopunguza joto la hewa. Udongo usiosakafiwa nao hufyonza maji ya mvua ambayo vinginevyo yangefurika barabarani. Lakini bustani ya umma haileti faida ya fedha, na halmashauri ya mji aghalabu hushindwa kuinunua ardhi mbele ya wajenzi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1964 Marekani ilitunga sheria ya kuanzisha Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji. Fedha zake nyingi hutokana na malipo ya kampuni zinazochimba mafuta na gesi baharini. Maana yake ni kwamba mali ya asili inayokwisha hugeuzwa kuwa mali inayodumu.

Halmashauri huomba ruzuku kupitia jimbo lake. Mfuko hulipa hadi nusu ya gharama za kununua ardhi au kuitengeneza. Zinazosalia hutolewa na wenyeji. Bustani iliyopata ruzuku haiwezi kubadilishiwa matumizi bila idhini ya serikali kuu, na sharti ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua itolewe badala yake.

Tangu sheria ya mwaka 2020, mfuko umetengewa dola milioni 900 kila mwaka. Hata hivyo, tatizo moja limebaki: mji maskini, ambao pengine ndio wenye haja zaidi, hutaabika kuipata nusu yake.