Simu za namna mbili: zinatofautiana jinsi gani, na zinatudai nini?



Siku hizi, vijana wawili wakikaa pamoja na simu mkononi, hata katika seminari zetu, shindano linaanza upesi: iPhone ao Android, ipi ni bora? Mmoja anasifu picha, mwingine anasifu bei, na mwisho kila mmoja anarudi na mawazo yake yale yale. Shindano hilo lingekuwa mchezo tu, kama simu isingeingia katika kazi ya Eklezya. Lakini leo padri anasali Breviari ndani yake, katekista anatafuta somo la Dominika, mkubwa wa shirika hai anatangaza kilio na mikutano, na wakristu wanatumiana feza. Kwa hiyo inafaa tujue vyombo hivi viwili ni nini, vinaishi kwa chakula gani, na vinamdai mtu nini. Ndipo tutaweza kuchagua kwa haki, si kwa majivuno.

I. Asili yake

Tuelewane kwanza juu ya neno moja. Simu ni kioo, batri na vyuma. Lakini inaongozwa na programu moja kubwa, inayopokea amri za kidole na kuzigawia programu ndogo. Programu hiyo kubwa tutaiita mfumo. Mfumo wa iPhone unaitwa iOS, nao ni wa kompanyi Apple peke yake. Mfumo wa karibu simu nyingine zote za kugusa kioo unaitwa Android, nao unaongozwa na kompanyi Google. Kompanyi zote mbili ni za Marekani.

Steve Jobs, mkubwa wa Apple, alionyesha iPhone ya kwanza mjini San Francisco, tarehe 9 mwezi wa kwanza 2007. Ilipoanza kuuzwa mwezi wa sita wa mwaka ule, ile ya bei ndogo iligarimu dola 499. Android ilianzishwa mwaka 2003 mjini Palo Alto na watu wachache, na Google iliinunua mwaka 2005. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 2007, Google ilitangaza mapatano na kompanyi nyingine juu ya mfumo huo. Jumla yao ilikuwa 34. Simu ya kwanza ya Android, iliyotengenezwa na HTC ya Taiwani, iliuzwa mwezi wa kumi 2008. Shina la Android ni Linux, kazi iliyoanzwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finlandi, Linus Torvalds, ambayo kila fundi anaweza kuisoma na kuigeuza.

Nokia, BlackBerry na Microsoft walijaribu kushindana na mifumo yao, wakashindwa. Leo, duniani pote, karibu simu saba katika kumi ni za Android, na karibu tatu ni iPhone. Katika Afrika sehemu ya Android ni kubwa zaidi, hasa kwa sababu ya simu za Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote tatu ni mali ya kompanyi moja ya China, Transsion ya mji wa Shenzhen.

II. Ukuta na soko

Mwaka 1994, mwandishi wa Italia Umberto Eco aliandika kwa mzaha kwamba kompyuta za Apple ni za Kikatoliki, na zile za DOS za kompanyi Microsoft ni za Kiprotestanti. Maana yake: za kwanza zinamwongoza mtu hatua kwa hatua kwa picha, lakini za pili zinamwachia kila mtu kufasiri mwenyewe. Waseminari watacheka, na ni vema. Lakini tusijenge mafundisho juu ya mzaha. Tuangalie kazi yenyewe.

Apple inatengeneza mfumo, inapanga umbo la simu, na tangu mwaka 2008 inashika duka la programu. Fundi akitaka kuingiza programu yake katika iPhone, sharti Apple iichunguze na kuikubali kwanza. Ni kama nyumba yenye ukuta na mlango mmoja, na bawabu ni mwenye nyumba. Faida yake ni usalama na utaratibu: simu iliyotoka mwaka 2015, iPhone 6s, iliweza kupokea hata mfumo mpya wa mwaka 2021. Hasara yake ni kwamba mwenye mlango anapanga ushuru. Kwa miaka mingi Apple ilikata 30 kwa 100 ya feza iliyolipwa ndani ya programu nyingi. Tangu 2021 mafundi wadogo wanalipa 15 kwa 100.

Android ni kama soko. Kompanyi nyingi zinachukua mfumo ule ule na kutengeneza simu za bei mbalimbali, za tajiri na za maskini. Duka la Google lipo, lakini mtu anaweza pia kuingiza programu kwa njia nyingine. Kwetu jambo hili ni kubwa: pahali ambapo mega ni bei kali, katekista mmoja anaweza kumpa mwenzake programu ya Biblia kutoka simu hadi simu, bila intaneti. Kwa iPhone haiwezekani hivyo. Lakini katika soko wezi nao wanapita. Programu iliyopokewa kwa njia hiyo inaweza kuficha ndani yake mwizi wa majina, wa picha na wa feza. Tena simu nyingi za bei ndogo zinapewa matengenezo kwa muda mfupi tu. Kisha makosa ya mfumo yanabaki wazi bila dawa.

Ukuta na soko vinaanza kukaribiana. Tangu mwezi wa tatu 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya inailazimisha Apple kukubali maduka mengine katika inchi za Umoja huo. Na mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba itawadai mafundi wajitambulishe, hata wale wanaotoa programu nje ya duka lake.

III. Nani analipa?

Hapa ndipo kiini cha tofauti. Apple inapata feza yake kwanza kwa kuuza simu zenyewe, kwa bei kubwa. Google inagawa shina la Android bure, na sehemu kubwa ya mapato yake inatoka katika matangazo ya biashara. Ili tangazo liuzwe kwa bei nzuri, inafaa kujua mtu anatafuta nini, anakaa wapi, anapenda nini. Basi, anayenunua simu ya bei ndogo analipa sehemu iliyobaki kwa njia nyingine, nayo ni habari za maisha yake.

Tusiseme kwa hiyo kwamba Apple ni mtakatifu. Ni kweli kwamba tangu mwezi wa ine 2021 iPhone inamwuliza mtu kama anakubali kufuatwa na programu za wengine. Lakini mbele ya tribinali ya Marekani ilijulikana kwamba katika mwaka 2022 Google ililipa Apple miliari 20 za dola, kusudi Google iwe njia ya kwanza ya kutafuta habari ndani ya simu za Apple. Wapinzani wawili wanaogombana mbele ya watu wanafanya biashara pamoja nyuma ya nyumba.

IV. Katika maisha ya kila siku

Mfano wa kwanza unatoka Marekani. Kule vijana wengi wana iPhone. Ujumbe unaotoka iPhone kwenda iPhone unaonekana katika rangi ya buluu. Ule wa kwenda simu ya Android unaonekana katika rangi ya kijani. Kwa muda mrefu picha zilizopita kati ya simu hizo mbili ziliharibika, na kikundi cha mazungumzo kilikosa mambo mengi. Matokeo yake: kijana wa rangi ya kijani alichekwa na kuachwa nje. Serkali ya Marekani iliposhitaki Apple tarehe 21 mwezi wa tatu 2024, ilitaja jambo hilo pia. Mwezi wa tisa 2024 Apple ilikubali njia mpya ya ujumbe inayopunguza ubaya huo, lakini rangi zilibaki.

Kwetu rangi hizo hazina nguvu, kwa sababu karibu watu wote wanaandikiana kwa WhatsApp, inayokaa katika mifumo yote miwili. Kwetu majivuno yanakaa katika chombo chenyewe. Kuna kijana anayekopa feza ili apate iPhone iliyokwisha tumika, kusudi alama ya tofaa ionekane mgongoni pa simu. Yule mwenye simu ndogo anaificha mfukoni. Rangi ao alama, ugonjwa ni ule ule: mtu anapimwa kwa kitu anachoshika.

V. Katika kazi ya Eklezya

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika amri yake Inter mirifica ya tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 1963, ulitufundisha kuvipokea vyombo vya kupashana habari na kuvitumia vema. Mapadri hawakukawia. Mwaka 2008 Padri Paolo Padrini wa Italia alitoa iBreviary, iliyoweka sala za Eklezya ndani ya iPhone. Baadaye ilifika pia kwa Android.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 ilitoka Marekani programu ya kusaidia kutayarisha maungamo, yenye kibali cha Askofu Kevin Rhoades, nayo ilitolewa kwanza kwa vyombo vya Apple. Magazeti yakapiga kelele ya kama watu wataungama kwa simu. Padri Federico Lombardi, msemaji wa Vatikano, ilimbidi aeleze kwamba hakuna programu inayoweza kushika pahali pa mazungumzo kati ya mwenye kutubu na padri. Inaweza tu kumsaidia mtu kujitayarisha.

Tuone mambo mawili hapo. La kwanza: chombo kinasaidia, lakini sakramenti inadai mtu mbele ya mtu. La pili, ambalo watu wachache waliliangalia: vitu vyote viwili vilianza katika nyumba ya wenye feza zaidi. Maskini walingoja. Iwapo katika mambo ya sala maskini wanangoja nyuma ya tajiri, inafaa mchungaji ajiulize.

VI. Udongo wetu

Mkongomani hawezi kulinganisha simu hizi na kunyamaza juu ya kitu kilicho ndani yake. Batri za simu zinatumia kobalti, na karibu 70 kwa 100 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa upande wa Kolwezi na jimbo la Lualaba. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, inaingia katika vyombo vidogo vinavyoshika umeme ndani ya simu. Mwaka 2024 machimbo hayo yaliingia mikononi mwa waasi wa M23.

Mwezi wa kumi na mbili 2019, jamaa za watoto waliokufa ao kuumizwa katika machimbo ya kobalti walileta mashitaka mjini Washington. Kati ya washitakiwa walikuwa Apple na Alphabet, kompanyi mama ya Google. Mwezi wa tatu 2024, tribinali ya rufani ilisema kompanyi hizo hazipaswi kujibu kwa mashitaka hayo. Hapo wapinzani wawili walikaa kwenye benchi moja. Anayejivunia simu yake mbele ya mwenzake akumbuke kwamba zote mbili zinaweza kubeba jasho la mtoto yule yule.

VII. Kanuni chache

Tufanye nini basi? Hizi ni kanuni tunazoweza kuzishika bila garama kubwa.

1. Jambo lililo la lazima kwa wakristu wote lisiwekwe katika programu ya mfumo mmoja tu. Kipimo chetu kiwe katekista mwenye simu ndogo kuliko wote. Tangazo lisomwe kanisani, libandikwe mlangoni, kisha lipelekwe kwa simu. Maandiko tunayogawa yafunguke katika simu zote. Hata kutuma feza kwa namba za kubonyeza kunawezekana kwa simu ya vidude tu. Tusiwalazimishe watu zaidi.

2. Rejista za parokia, za ubatizo na za ndoa, zibaki vitabu, kama Sheria ya Eklezya inavyodai. Simu iwe nakala. Padri akihamishwa, simu inaondoka pamoja naye, kitabu kinabaki.

3. Siri ya roho isiandikwe ndani ya simu, hata iwe ya namna gani. Ukuta wa Apple si muhuri wa maungamo.

4. Anayenunua aulize kwanza: simu hii itapewa matengenezo miaka mingapi? Google tangu 2023, na Samsung tangu 2024, zinaahidi miaka saba kwa simu zao za bei kubwa. Za bei ndogo hazifiki hapo. Iliyokwisha tumika, iPhone ao Android, isinunuliwe kabla mwenyewe wa kwanza hajaondoa jina lake ndani yake. La sivyo inaweza kufungwa, ikabaki jiwe.

5. Programu ipokewe kutoka kwa mtu anayejulikana, nayo ikiomba kusoma majina yote ya rafiki zako bila sababu, ikataliwe.

Kwa kumaliza: wale wanaouliza ipi ni bora, tuwajibu kwamba yenye ukuta inalinda vema na kuuza kwa bei, na yenye soko inakaribisha wengi na kuwatazama sana. Kila moja ina faida yake na deni lake. Lakini swali la mchungaji ni lingine: katika parokia yangu, ni nani atakayebaki nje kwa sababu ya chombo nilichochagua? Anayejiuliza hivyo kila mara atachagua vema, hata kama hajui ufundi.