Bango la filamu ya amani: alama moja, maneno machache



Filamu ya amani inapoonyeshwa katika komini Annexe, Lubumbashi, watu huona bango kwanza. Familia zilizokimbia vita zimetoka pande nyingi. Sura ya mtu wa kabila fulani akishika panga yaweza kuamsha uchungu kabla filamu haijaanza. Kwa hiyo chagueni alama moja isiyomshtaki mtu: sufuria, mlango wazi, au njia.

Namna ya kulitengeneza:

1. Fungueni programu ya bure, kama Krita au GIMP, na mpake rangi moja nyuma.
2. Choreni alama kwa brashi nene ya kompyuta. Acheni nafasi tupu kuizunguka, ionekane kutoka mbali.
3. Andikeni jina la filamu kwa herufi kubwa za aina moja. Chini yake mahali, siku na saa.

Kuunganisha picha na maneno si jambo geni kwetu. Miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi aliandika maneno ndani ya picha zake za historia ya nchi.

Kabla ya kuchapa, waonyesheni wazee wa pande zote na muwaulize: "Mnaona nini hapa?" Upande mmoja ukijiona umelaumiwa, badilisheni alama.