Joto la Kalemie huzoeleka, malaria hapana

Boti linalotoka upande wa Uvira likifika Kalemie, wageni wa milimani hujulikana kwa nguo. Mama amevaa triko, mtoto amefungwa mgongoni ndani ya blanketi nzito, baba bado ana veste. Ikifika saa nne ya asubuhi, triko imekuwa mzigo wa mkononi. Siku mbili tatu baadaye mwenyeji wao anasikia malalamiko yale yale: kichwa kinauma, usingizi hakuna, chakula hakipiti, mwili umelegea. Naye anajibu kwa roho nzuri: "Ni jua ya Kalemie, mama, utazoea tu."

Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Lakini kuna wakati linamweka mgonjwa nyumbani mpaka anabebwa juu ya pikipiki akiwa hajitambui. Kujua ni wakati gani ni jambo la kuhesabu siku, na hesabu yenyewe si ngumu.

Kwanza joto. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, na Kalemie imejengwa kando yake. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi. Kila mtu anaposhuka mita 1,000, hewa huongezeka joto kwa digri sita au zaidi kidogo. Kwa hiyo anayetoka Bukavu anaingia katika joto linalozidi lile la kwao kwa digri nne au tano, mchana na usiku. Si lazima mtu atoke Kivu. Ndani ya jimba letu hili hili la Tanganyika, anayeshuka kutoka nyanda za Marungu, huko kwenye ng'ombe za Pepa ambako nchi inapita mita 2,000, anabadilisha hewa kuliko mtu wa Bukavu. Lakini mtu wa Uvira au Baraka hana sababu ya kulalamika: ameishi kando ya ziwa hilo hilo, kwa kimo kile kile.

Kushuka huku hakukuanza leo. Jimbo la Tanganyika lilipozaliwa mwaka 2015 baada ya Katanga kugawanywa, wafanyakazi wa serikali walitoka Lubumbashi, mji wa mita 1,200 ambako Juni na Julai watu hulala na blanketi mbili, wakaja kufungua ofisi hapa. Vita vya nyanda za juu za Fizi na Uvira vimeshusha familia nyingi kwenye ziwa. Na tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa Februari 2025, watu wa milimani wameendelea kutafuta usalama kusini. Hao hawakuchagua mwezi wa kuhamia. Anayefika Septemba au Oktoba, kabla ya mvua kushika, anakutana na joto lenyewe.

Mwili wa mtu unataka kubaki kwenye digri 37. Una njia mbili za kutoa joto: kusukuma damu kuelekea ngozi, na kutoa jasho. Mgeni hana ufundi wa njia zote mbili. Jasho lake linachelewa, na likitoka lina chumvi nyingi. Moyo unakimbia, maana damu ile ile inatakiwa ngozini, tumboni na kwenye misuli kwa saa moja. Ndiyo sababu anachoka kwa kupanda kilima kidogo, na anaona kizunguzungu akisimama haraka. Si uvivu, hata kama wenyeji wanamcheka.

Kisha mwili unajifunza. Katika siku za kwanza unaongeza maji ndani ya damu, na mapigo ya moyo yanatulia. Jasho linaanza kutoka mapema, linakuwa jingi, na chumvi yake inapungua. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo hutokea katika wiki ya kwanza, na kwa mtu mzima mwenye afya yanakamilika karibu na siku ya 14. Sharti ni kwamba mwili ukutane na joto kila siku na kufanya kazi kidogo ndani yake. Anayejifungia mbele ya ventilateri kutwa nzima hajifunzi lolote, ingawa umeme wa kwetu unavyokatika, haitamchukua muda kuanza masomo.

Wachimbaji wa Afrika Kusini walilipa bei kubwa kabla ya jambo hilo kueleweka. Katika migodi ya dhahabu yenye joto kali chini ya ardhi, wafanyakazi wapya walikuwa wanakufa kwa joto. Miaka ya 1930 madaktari wa migodi wakaanza kuwazoesha kwanza, siku baada ya siku, kabla ya kuwapa kazi kamili. Mpaka leo wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani wanashauri mgeni wa kazi za joto afanye sehemu moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, kisha aongeze sehemu moja ya tano kila siku.

Kusema hivyo ni rahisi. Papa aliyefika jana bila kitu, watoto wanne wakiwa na njaa, ataambiwaje abebe mifuko miwili tu bandarini wakati wenzake wanabeba kumi? Anayeweza kusaidia hapo ni kapita au mwenye kazi: ampange mgeni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne ya asubuhi, amruhusu kukaa kivulini jua likiwa juu ya kichwa, na asimlinganishe na kijana aliyezaliwa Kataki. Mtu akianguka katikati ya mzigo, kazi yenyewe inasimama.

Sasa malaria, maana hesabu ya siku inaelekea huko.

Dalili za joto na mwanzo wa malaria zinafanana sana. Kichwa kuuma, kichefuchefu, mwili kulegea, kukosa hamu ya kula, yote yamo pande zote mbili. Lakini kila moja ina kalenda yake. Taabu ya joto inakuwa kali siku za kwanza, halafu inapungua. Malaria inafanya kinyume. Mbu akimuuma mgeni usiku wa kwanza Kalemie, vijidudu vinaingia kwanza kwenye ini na kuongezeka huko bila mtu kusikia chochote. Homa inatokea kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14, pengine baadaye. Maana yake, mgeni anaugua malaria hasa katika wiki ile ambayo alitakiwa kuwa amezoea joto.

Kwa hiyo mtu aliyeanza kupata nafuu, akala vizuri, akaanza kutembea mjini, halafu siku ya 10 akalegea tena, huyo hasumbuliwi na jua ya Kalemie. Aliyetetemeka usiku jua likiwa limezama, vilevile. Taabu ya joto hupungua mtu akikaa kivulini, akanywa maji na kujimwagia, ndani ya nusu saa au saa moja. Kama saa moja imepita na mwili bado unawaka, ni wakati wa kwenda kituo cha afya kuchomwa kidole. Kipimo kile cha haraka, TDR, hutoa jibu katika dakika 15 au 20. Na hata kabla ya siku ya 7, homa ya kweli si ya kungojea, maana safari ndefu ya kulala njiani kando ya ziwa nayo ina mbu wake.

Kuna jambo ambalo wenyeji hawalioni kwa sababu wao wamelivuka. Mtu aliyekulia Kalemie ameugua malaria mara nyingi tangu utoto, na mwili wake umejenga kinga fulani. Haimzuii kuugua, ila kwa mtu mzima malaria mara nyingi inakuwa siku tatu za kulala na dawa. Kinga hiyo hujengwa kwa miaka, haiji kwa wiki mbili. Mtu mzima aliyekulia mahali pa baridi ambapo mbu ni wachache anaweza kuugua vikali kama mtoto mdogo. Mwenye nyumba anaposema, "Hata mimi nilikuwa nayo wiki iliyopita, nikaenda kazi," anasema ukweli juu ya mwili wake mwenyewe. Wa mgeni si huo.

Kununua vidonge viwili vya homa kwenye duka la dawa kunaleta shida nyingine: homa inashuka, mtu anajidanganya kwamba amepona, na vijidudu vinaendelea. Dawa ya malaria inatolewa baada ya kipimo, na inamezwa mpaka mwisho hata kama nguvu zimerudi siku ya pili. Mama mwenye mimba aende kliniki ya wajawazito mapema akiwa mgeni, asingoje mimba ionekane sana. Huko anapewa mustikere, na kuanzia mwezi wa nne dawa ya kumkinga yeye na mtoto.

Mustikere ndiyo inayogombana na joto waziwazi. Nyumba ya mabati bila dari inabeba joto la mchana mpaka katikati ya usiku. Mgeni anaingia chini ya mustikere, anaona kama amefunikwa ndani ya sufuria, anaisukuma pembeni. Au anakaa nje ya mlango mpaka saa tano akitafuta upepo, mikono na miguu wazi. Mbu wa malaria huuma kuanzia giza linapoingia mpaka alfajiri, kwa hiyo saa hizo za kupunga upepo ndizo zake pia. Wengine wanafanya hivi: wanaoga jioni kabisa kabla ya kulala, wanalaza kitambaa chenye maji kifuani, wanafungua madirisha yote ya upande wa ziwa mchana, na kama wanalala uani wanatoka na mustikere yao na kuifunga kwenye mti au kamba ya nguo. Inaonekana kichekesho kwa majirani. Mustikere iliyofungwa kwenye mwembe inafanya kazi sawa na ile ya chumbani. Ile iliyogeuzwa wavu wa ndakala, jambo linalojulikana pande zote za ziwa hili, haimsaidii mtu usiku.

Mgeni anaambiwa anywe maji mengi, na ni kweli, kwa kuwa jasho linatoka hata asiposikia kiu. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, maji hayatoshi. Lakini katika Kalemie neno "maji mengi" linahitaji nyongeza. Kipindupindu kiko kwenye mwambao huu tangu miaka ya 1970, na ziwa linaloonekana safi ndilo linalokibeba. Utafiti uliofanywa Uvira na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu huongezeka siku zinazofuata kukatika kwa maji ya REGIDESO, watu wanaporudi kuchota ziwani na mitoni. Mtu wa milimani aliyezoea kunywa kwenye chemchemi anakuja na mazoea yale yale, na sasa anakunywa mara mbili zaidi. Maji ya ziwa au ya mto yachemshwe, au yatiwe klorini na kungojewa nusu saa, hata kama kiu ni kali.

Aliyetoka jasho sana na kulegea anaweza kutengenezewa kinywaji nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Bia haihesabiwi. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji hata Oktoba. Ananyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama ndiye anayekunywa. Ile blanketi ya milimani iwekwe sandukuni. Wazee wanaotumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo wamwambie muganga kwamba wamehamia kwenye joto, maana kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kuangaliwa upya.

Hali moja haingoji hesabu yoyote ya siku. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akashikwa na degedege au akazimia mwili ukiwa moto, inaweza kuwa joto lililompiga, inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Mtu wa nyumbani hawezi kuzitofautisha na hana haja. Amweke kivulini, amlaze ubavu, ammwagie maji mwilini na kumpepea, asimtie kitu mdomoni, na mwingine atafute pikipiki wakati huo huo. Muganga hospitalini atajua la kufanya na damu.

Kinachobaki ni safari za kurudi. Wanaopata nafasi ya kupanda tena kwao, kuangalia shamba au kuzika, hukaa huko mwezi mmoja wakirudi wanadhani ni wenyeji wa Kalemie tayari. Kwa joto, mwili umesahau karibu yote katika wiki tatu au nne hivi, na unaanza upya siku ya kwanza. Kwa malaria, mtu anaweza kupanda nayo ndani ya damu bila kujua. Homa ikimshika akiwa juu kwenye baridi, siku kumi baada ya kuondoka ziwani, ndugu zake watasema ni baridi ya mlimani, utazoea tu. Amwambie muganga wa huko, kabla hajaulizwa, kwamba alikuwa Kalemie.