Hukumu ya Kasa Mgonjwa Anayekutwa Ufukweni

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Katika pwani yetu, mvuvi huweza kumkuta kasa amelala ufukweni hana nguvu, au anaelea asiweze kuzama, au amenaswa na mshipi. Hapo husikika kauli: "Tumchinje kabla hajafa, nyama isipotee." Je, sharia inasemaje?

Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya kula kasa. Mahanafi hawahalalishi cha baharini ila samaki. Wamaliki wamemhalalisha, na Mahanbali wamemhalalisha akichinjwa. Katika madhehebu ya Shafi, Imam Nawawi ndani ya al-Majmuu aliona wanyama wa baharini wote ni halali isipokuwa chura, na wengine katika madhehebu hayo hayo wanamharamisha kasa.

Lakini khitilafu hiyo haitoi ruhusa hapa. Nyama ya kasa, hata aliye mzima, huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa hospitali. Kitu ambacho asili yake ni halali huwa haramu kikidhuru, kwani kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Tena sheria za Kenya na Tanzania zinakataza kumuua kasa.

Akiuliza muulizaji: Basi tumchinje apumzike na maumivu? Tutasema: Katika fiqhi ya Kishafi, mnyama asiyeliwa hachinjwi hata kwa kumpumzisha. Isitoshe, kasa mgonjwa hutibika. Huko Watamu, Kenya, kipo kituo kinachowatibu na kuwarejesha baharini.

Linalopasa ni haya: asisukumwe baharini, kwani akiwa dhaifu huzama akafa. Awekwe kivulini, afunikwe kitambaa kibichi, pua ziachwe wazi. Asivutwe kwa mapezi wala kichwa, asilishwe, na mshipi unaotoka kinywani usivutwe. Kisha waarifiwe maofisa wa uvuvi. Asiyejitikisa asihukumiwe upesi kuwa amekufa, kwani huenda amezimia tu. Ama kasa jike aliyepanda usiku kutaga si mgonjwa, aachwe.

Ndugu zetu maimamu wa pwani, lielezeni jambo hili misikitini. Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa, na mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa aliingia Motoni. Kasa naye ni kiumbe mwenye roho, na katika kumtendea wema mna ujira.

Wallahu aalam.