Picha za Nyumbani Kwenye Kioo cha Kompyuta

Kompyuta ikiachwa bila kuguswa, kioo chake huweza kufunikwa na michoro inayochezacheza, iitwayo kihifadhi skrini. Desturi hiyo ilitokana na udhaifu wa skrini nene za zamani: herufi zikikaa mahali pamoja siku nyingi, fosfori iliyopakwa ndani ya kioo ilichakaa, alama zikabaki hata mashine ikizimwa. Mwaka 1983 John Socha alichapisha katika jarida la Softalk programu fupi iliyotia kioo giza baada ya dakika tatu. Mwaka 1989 After Dark ikaleta vibaniko vya mkate vyenye mabawa, na kulinda kioo kukawa kisingizio cha burudani.

Skrini za LCD za leo hazidhuriki hivyo. Basi kwa nini mtu wa Minembwe, katika Nyanda za Juu za Kivu Kusini nchini Kongo, ambako nyumba nyingi hutegemea betri na paneli ya jua, apoteze umeme kwa michezo hii?

Kwa ajili ya picha zenyewe. Tangu 2017 vita vya Nyanda za Juu vimechoma vijiji na kutawanya Banyamulenge, Babembe, Bafuliiru na Banyindu. Kuna walioteremka hadi mji wa Baraka, kuna walio kambini Nakivale nchini Uganda, kuna waliofika Marekani. Picha za harusi na za ng'ombe malishoni huja kwa WhatsApp, zikarundikana kwenye folda, asizifungue mtu. Kihifadhi skrini huzifungua bila kuombwa.

Mwendo nao una kazi yake. Ken Burns, mtengeneza filamu wa Marekani, alizoesha watazamaji wa televisheni mwaka 1990 kuona picha mgando za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake zikisogezwa polepole, kutoka uso hadi uso. Familia iliyookoa picha moja tu ya ukoo mzima ndiyo inayonufaika zaidi na mbinu hii: kompyuta hukuza kipande cha picha, ikakitelezesha, na yule mtoto wa mstari wa nyuma akapata zamu yake. Picha inayofuata huwekwa juu ya ile ya kwanza ikiwa haionekani kabisa, kisha hukolezwa hatua kwa hatua. Kwenye Linux, GLSlideshow hufanya yote hayo. Windows ina chaguo la Picha, lisilo na madoido mengi.

Punguza ukubwa wa picha kwanza. Picha ya pikseli milioni 12 ikifunguliwa hula takribani megabaiti 36 za kumbukumbu. Ikipunguzwa kufikia 1366 kwa 768, ukubwa wa skrini nyingi za laptopu za zamani, hula kama tatu. Kompyuta kuukuu itashukuru.

Usipakue faili la .scr kwa mtu usiyemjua: hilo ni programu kamili, na virusi hupenda kujificha humo. Chagua pia nyuso. Laptopu iliyo wazi dukani au ofisini huonyesha jamaa zako kwa kila apitaye, na katika eneo lenye vita si kila apitaye ni mgeni mwema.

Mwisho, Windows ina saa mbili tofauti, ya kuanzisha picha na ya kuzima skrini. Ya kuzima ikitangulia, picha hazitaonekana kamwe. Anzisha picha baada ya dakika tano, zima skrini baada ya kumi na tano. Siku za mawingu, zima mapema zaidi.