Mke wa Mtu wa Reli

Ukifika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Bruxelles, utaviona viti vya enzi vya Waluba vimewekwa nyuma ya vioo. Mwanamke wa mti amepiga magoti, mgongo umenyooka, chale zimejaa tumboni, na mikono yake imeinuka kubeba ubao aliokalia mfalme. Kwenye fimbo za enzi yumo pia, mara nyingi mikono iko kifuani, maana siri za ufalme zilisemwa kuwa zimefichwa humo. Na mfalme alipokufa, roho yake ilimwingia mwanamke aliyeitwa mwadi. Huyo alirithi makao ya marehemu na alama zake za enzi, na mfalme mpya alimpelekea zawadi.

Naanza na hayo kwa sababu Kamina, mji wa Katanga, kusini mwa Kongo, uliomea kwenye nchi ya mtawala wa Waluba Kasongo wa Nyembo, umezoea kusimuliwa kama mji wa wanaume: reli, karakana, kambi ya jeshi. Reli ya kampuni ya BCK ilitoka Bukama ikafika Ilebo, enzi hizo Port-Francqui, mwaka 1928, na Kamina ikawa njiani. Mwaka 1956 njia ya Kabalo ikaunganishwa, mji ukawa njia panda: huku Lubumbashi, huku Kasai, kule Tanganyika. Bibi zetu, ambao Katanga tunawaita nkambo, walifika katikati ya mambo hayo wakiwa na beseni kichwani na mtoto mgongoni.

Hawakufika kwa bahati. Mwanzoni kampuni za Katanga zilitaka mikono ya mwanamume tu. Kijana akichoka au akiugua anarudi kwao, anatafutwa mwingine. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière ikabadili mawazo: mwenye mke anatulia, anakula vizuri, hatoroki. Watu wa reli nao wakaingia katika mtindo huo. Ndivyo mke alivyoingizwa kwenye mkataba ambao hakuuwekea hata kidole gumba. Jina lake na majina ya watoto yaliandikwa kwenye kitabu cha utambulisho cha mume, na posho ikapimwa kwa kuhesabu vinywa vya nyumba.

Posho ilikuwa unga, chumvi, mafuta ya mawese, samaki mkavu. Kwenye karatasi inatosha. Lakini karatasi haikumjua shemeji aliyeshuka na treni ya usiku, wala mtoto wa dada aliyeletwa asome misheni. Mluba hafungi mlango kwa ndugu, na aliyejaza sahani ni mke. Kwa hiyo akatafuta shamba nje ya kambi ya wafanyakazi, akapanda mihogo.

Kazi ya mihogo inafaa uitazame kwa karibu. Mizizi inalowekwa siku tatu au nne mpaka ilainike na sumu itoke. Harufu yake inakufuata hadi kwenye nguo. Inamenywa, inavunjwavunjwa, inaanikwa juani huku mtu akifukuza mbuzi. Halafu kinu. Halafu chekecheo: mkono wa kulia unagonga ukingo kwa kipimo kimoja, unga unashuka mweupe, chenga zinarudi kwenye kinu. Unga huo ukichanganywa na wa mahindi, bukari, yaani ugali, inashikana vizuri zaidi na inakaa tumboni mpaka zamu ya mume iishe. Mwiko unahitaji mikono miwili na magoti yanayobana sufuria. Mimi nimejaribu, mabega yaliniuma siku mbili, na bukari yenyewe ilikuwa na madonge.

Mchana kulikuwa na foyer, darasa la wanawake, ambako masista au mabibi wa Kizungu walifundisha kushona, kupiga pasi na kumwogesha mtoto, kana kwamba Mluba hajawahi kumwogesha mtoto tangu enzi za mfalme wao wa kale Kalala Ilunga. Hata hivyo sitaicheka foyer yote. Aliyejua kushona alikuwa na kitu mkononi siku mshahara ulipochelewa, na foronya zenye maua ya uzi bado zimo sebuleni kwa watu.

Ndoa nayo iliguswa. Amri ya kikoloni ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataa ndoa mpya za mitala kuanzia Januari 1951, na mwenye wake wengi akazuiwa kukaa mjini. Mwanamume hakukosa hila: wa pili alibaki kijijini, au alitambulishwa kwa majirani kuwa dada. Aliyeumia ni huyo dada. Na mwanamke aliyeishi peke yake, katika miji kadhaa ya Kongo, alidaiwa kodi yake mwenyewe.

Ikaja Julai 1960. Tshombe, kiongozi wa jimbo, akaitenga Katanga na Kongo, Waluba wa chama cha Balubakat chini ya Jason Sendwe wakapinga, vijiji vikachomwa, na kambi ya jeshi ya Kamina ikachukuliwa na Umoja wa Mataifa. Wanawake walikimbia na kile walichokibeba miaka yote: beseni, chekecheo, watoto.

Kitabu cha mume kilikufa na ukoloni, lakini wazo lake lilibaki. Sheria ya familia ya Agosti 1987 iliendelea kumtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya shughuli yenye nguvu ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa Julai 2016. Nkambo wengi wa kambi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mabinti na wajukuu wao utawakuta stesheni. Treni haina saa, inaweza kuchelewa usiku mzima au siku mbili, na wao wanaisubiri kando ya reli na mabeseni ya mihogo ya kuchemsha na samaki wa Bukama. Kikwembe kimoja kinafunika chakula, kingine kinafunika mtoto. Anayelala analaza kichwa juu ya ukingo wa beseni, ili mtu akiligusa aamke.